Alama ya Kidole Gumba

Picha ya bibi yangu mzaa mama ni ndogo, inaenea kwenye kiganja cha mtu mzima. Ameketi kwenye kiti cha mbao, mgongo umenyooka, na kikwembe chake cha sikukuu kimepigwa pasi hadi mikunjo inahesabika. Mkono wa kulia umeukamata ukingo wa kiti kwa nguvu, kana kwamba kiti kinaelea juu ya maji. Lakini usoni hana hofu. Midomo imeachana kidogo, kama mtu aliyekuwa karibu kusema jambo kisha akaona halina haraka. Chini kabisa, kwenye ukingo mweupe wa karatasi, kuna alama ya kidole gumba ya rangi ya kahawia.

Hiyo ndiyo picha pekee tuliyo nayo ya bibi. Alipigwa mwaka 1974, hapa Kindu, Kongo, upande wa Kasuku, katika studio ya chumba kimoja. Aliyempiga picha ni mume wa mama yangu mdogo, na mtu huyo alikuwa akimpiga mkewe.

Lugha yetu ina kitenzi kimoja kwa kazi zote mbili. Mimi niliyekulia karibu na nyumba ile, mpaka leo sisikii mtu akisema anakwenda kupigwa picha bila moyo kushtuka kidogo.

Nilikuwa na miaka tisa. Kazi yangu jioni ilikuwa kuchota maji mtoni, kwa sababu picha za wakati ule zilisafishwa kwa maji mengi. Nyuma ya studio kulikuwa na chumba cha giza chenye taa nyekundu iliyowashwa kwa betri ya gari, na mabeseni matatu: la dawa ya kuitoa picha, la dawa ya kuikaza, na la maji. Kwenye mabeseni alisimama mama mdogo. Yeye ndiye aliyejua picha imeiva au bado. Alihesabu kwa kunong'ona, akaiinua kwa ncha za vidole, akaitazama kwenye ile taa, akairudisha. Kucha zake zilikuwa zimeingia weusi wa dawa usiotoka kwa sabuni, na hata siku ya sherehe, mikono ikiwa imepakwa mafuta, ilinuka siki.

Mumewe alikuwa fundi wa kweli. Siwezi kulipunguza hilo ili hadithi iwe rahisi. Alikuwa na Yashica ya macho mawili, ile ambayo mpigaji huitazama kutoka juu, na filamu moja ilitoa picha 12 tu. Filamu zilifika kwa treni kutoka Lubumbashi, ghali, na mara nyingi hazikufika. Kwa hiyo alijifunza kungoja. Watu walikuja wamekaza shingo, wamevaa viatu vya kuazima, wakiitazama kamera kama wanavyomtazama askari. Yeye hakumwambia mtu acheke. Alizungumza habari za mto, bei ya mchele, mvua iliyonyesha jana, huku ameinamia kamera kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Mtu akisahau alichokuja kufanya, akitoa pumzi, ndipo alipofinya. Ndiyo maana bibi yangu, aliyewaogopa watu wa mji, anaonekana kama mtu aliye barazani kwake.

Mtu huyohuyo hakuweza kungoja sombe ichemke.

Jioni moja picha ilitoka nyeusi kuliko alivyotaka. Nilikuwa mlangoni na ndoo. Sikuelewa walichoambiana, nilisikia kofi tu, kisha kimya. Mama mdogo hakulia. Alirudisha mkono ndani ya beseni, maana karatasi nyingine ilikuwa bado majini na ingeharibika. Nami nikamwaga maji niliyokuwa nimeyabeba, nikarudi mtoni kuchota mengine, kusudi niwe na sababu ya kutokuwapo. Wiki chache baadaye mtu yule alinipiga picha nimevaa shati jeupe, nikatembea mtaa mzima nikiionyesha. Hayo mawili yote ni yangu, na bado yananiuma.

Mama mdogo alimwacha miaka mingi kabla ya vita, akavuka mto na kuhamia Alunguli. Yule bwana naye akafa. Oktoba 1998, Kindu ilipoingia mikononi mwa waasi wa RCD, watu wakikimbilia porini na mizigo vichwani, mama mdogo alitoka na sufuria moja. Ndani ya sufuria, chini ya chumvi, alikuwa ameweka boksi la picha lililofungwa kwa plastiki. Nilimwuliza baadaye kwa nini alihangaika na kazi ya mtu aliyemtesa. Alinitazama kama niliyekosa adabu. "Ile sura ni ya mama yangu," alisema. "Haiko yake. Yeye alifinya tu."

Nimelibeba jibu hilo muda mrefu. Mwaka jana vijana fulani wa hapa mjini waliamua kukusanya picha za kale za Kindu ili watu wazione. Walikuja kwangu wakiomba niandike ukurasa mmoja juu ya yule bwana, wakimwita baba wa picha wa mji wetu. Nikawaeleza alivyoishi na mkewe. Waliinamisha vichwa kwa heshima, kisha mmoja akasema maneno ambayo wengi husema: mtu na kazi yake ni vitu viwili, baba, tuvitenganishe.

Sikumjibu siku ile. Nilikwenda kufikiri.

Sisi wa Maniema tuna mfano wa karibu. Juu ya mto kutoka hapa kuna Nyangwe. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara wa watumwa waliwafyatulia risasi wanawake na wanaume waliokuja kuuza, na wengi wakazama mtoni. Makadirio ya siku hizo yalifika watu 400. David Livingstone alikuwapo. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino wa mimea. Mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba wameusoma mwandiko ule uliofifia kwa msaada wa mwanga maalumu, wakauona tofauti na alichokiandika baadaye kwenye daftari safi. Baadhi ya yaliyobadilika yalihusu watu wa msafara wake mwenyewe. Kumbe shahidi wetu mkuu alikuwa na la kuficha, au angalau la kupunguza. Je, waliokufa Nyangwe wamepungua kwa sababu hiyo? Hata mmoja. Lakini anayesoma ushahidi ule leo bila kuambiwa habari ya mwandiko uliobadilishwa, ananyimwa sehemu yake.

Ushahidi ni kitu kimoja na heshima ni kingine. Nadhani hapo ndipo vijana wale walipochanganya. Hawakuwa wakiomba picha ziokolewe, kwani mama mdogo alishaziokoa ndani ya sufuria. Walikuwa wakimwombea yule bwana heshima.

Nikamkumbuka pia Leni Riefenstahl. Mwanamke huyu Mjerumani alirekodi mkutano wa chama cha Hitler kule Nuremberg mwaka 1934, akautengenezea filamu iliyowafanya wauaji waonekane kama miungu. Katika filamu nyingine, wakati wa vita, aliwatumia Wasinti na Waroma waliotolewa kambini, na wengi wao walikuja kuuawa Auschwitz. Baada ya vita alitafuta jina jipya, akalitafuta kwetu Afrika. Kuanzia miaka ya 1960 alikwenda mara kwa mara kwa Wanuba wa Sudan, na mwaka 1973 akatoa kitabu cha picha zao: wapiganaji wa mieleka waliopakwa majivu, vifua vipana, jua la asubuhi. Picha nzuri mno. Mwaka 1975 mwandishi Susan Sontag aliandika kwamba jicho ni lilelile, jicho linaloabudu nguvu na mwili usio na kasoro, limebadilisha mahali tu.

Kinachonishika zaidi katika habari hiyo ni mtu mwingine. Riefenstahl aliwatamani Wanuba baada ya kuona picha moja ya mwaka 1949, ya mshindi wa mieleka amebebwa mabegani mwa mwenzake. Aliyeipiga ni Mwingereza George Rodger. Aprili 1945 Rodger aliingia katika kambi ya Bergen-Belsen, na akiwa pale, kamera mkononi, akajikuta anazipanga maiti katika fremu ili picha ipendeze. Alipojigundua aliingiwa na hofu juu ya nafsi yake, akaapa kutopiga tena picha za vita. Ndipo alipokuja Afrika. Riefenstahl alipomwandikia akiomba amwonyeshe njia ya kufika kwa watu wale, tena akimwahidi pesa, Rodger alikataa katakata, kwa sababu ya alikotoka yule mama na alichokiona yeye mwenyewe.

Wanuba ni walewale na milima yao ni ileile. Mmoja alijishtukia siku jicho lake lilipotangulia huruma yake. Mwingine aliishi miaka 101 na hatukumsikia akijishtukia. Lakini nikiwaza kijana wa Kinuba ambaye kijiji chao kilichomwa katika vita vya miaka ya 1980 na baadaye, akifungua kitabu cha Riefenstahl na kumwona babu yake, sina ulimi wa kumwambia akifunge. Babu ni wake. Hakuna alichomkopa Riefenstahl.

Hata mpigaji akiwa mtu mwema, jambo hilo halibadiliki. Mei 1904, katika misheni ya Baringa, Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala wa Wala, ameketi kwenye ukingo wa baraza akitazama mkono na mguu wa binti yake Boali, wa miaka mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR. Picha hiyo ilizunguka Ulaya na Marekani na kumtikisa Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Namheshimu Bi Harris. Lakini ni mara ngapi imeonyeshwa na kuitwa kwa jina la mpigaji, na chini yake "Mkongo mmoja"? Nsala ndiye aliyekuja na alichobakiza, akakaa, akavumilia kutazamwa. Picha ile ni yake na ya Boali kwanza.

Nikarudi kwa boksi. Siku tatu nilizitandaza picha mezani kwa mama mdogo, zaidi ya mia moja, nikitafuta kama ukatili wa yule bwana umeingia mahali. Kama Sontag ana haki, nilijiambia, nitauona. Nikaona akina mama wenye watoto wachanga, mafundi wa reli, wanafunzi waliokumbatiana, mzee mmoja na baiskeli yake. Wote wametoa pumzi. Sikuona ukatili. Nilikuwa karibu kuwakubalia wale vijana, ndipo nikatambua kwamba kuna mtu simwoni. Mke wake hayumo. Alisimama hatua nne kutoka kwenye ile kamera kwa miaka yote ile, akiziosha sura za mji mzima, na hakuna hata picha moja yake. Kilichobaki cha kwake ni kile kidole gumba chini ya kikwembe cha mama yake, siku alipoitoa karatasi kwa haraka. Haraka ya nini, sikumwuliza.

Basi nikawaambia vijana nitaandika, lakini kwa mpango huu: chini ya kila picha kwanza jina la aliyeketi, kama tunalijua. Kisha jina la aliyesafisha. La aliyefinya mwisho. Na katika ule ukurasa nitasema alichokuwa akifanya nyumbani, kwa maneno ya kawaida, bila matusi. Walisitasita, wakaniuliza je, watoto wa marehemu watasemaje. Swali lao lilikuwa la haki. Niliwaambia watoto ndio waliokuwa ndani ya nyumba ile.

Kabla ya kuwapa, nilivuka mto kumsomea mama mdogo, kwa kuwa bila ruhusa yake nisingetoa hata neno. Alisikiliza akiwa amekaa kwenye mkeka, akichambua mchele. Nilisoma mwaka wa studio, nikasoma kofi, nikasoma ndoo yangu. Nilipofika mwisho alisimamisha mikono.

"Umesahau kitu," alisema. "Alijua kungojea mutu."

"Mama, wewe hakukungojea."

"Najua. Andika na hiyo."

Nikaandika yote mawili palepale, juu ya goti. Kisha akanyanyuka, akaitoa picha ya bibi ukutani. Pakabaki mraba mweupe kwenye rangi ya ukuta iliyochakaa. Akaifunga kwa kikwembe, akanikabidhi kwa mikono miwili, akaniambia irudi Jumatatu, isizidi hapo, kwa sababu hajazoea kulala chumba kile bila mama yake. Mtumbwi ulikuwa umejaa watu na mikungu ya ndizi, mto Lualaba umefura kwa mvua. Niliiweka picha magotini, uso wa bibi ukinielekea mimi, mgongo wa karatasi ukielekea maji.