Shosho Si Mwanajeshi, Mpeni Dawa Yake

Wacha niseme kitu kitakachonigombanisha na nusu ya ukoo wetu: kumwambia mtu aliyetoka kubadilishwa goti ati "vumilia tu" si kumtia moyo. Ni kumtesa.

Shosho alifanyiwa operesheni wiki mbili zilizopita. Kwa vile niliacha chuo na kazi yangu ni simu na taa, kikao cha familia hakikumaliza dakika tano. "Si wewe uko tu nyumbani?" Sawa. Basi mimi ndiye nalala naye chumba kimoja, na hapa naongea kama shahidi.

Manze, hii si kukwaruzika. Wamekata mwisho wa mfupa wa paja na juu ya ule wa muundi, wakaweka chuma, na plastiki katikati. Hazijapita siku mbili anaambiwa simama, tembea. Halafu wageni wanafika na mkate na maziwa, wanamwambia hizo dawa zitamzoea, ati zamani watu hawakumeza chochote. Wakienda, Shosho anaficha vidonge chini ya kitambaa cha kochi. Saa nane usiku analia, anadhani nimelala.

Yule wa fizio alinieleza vizuri. Dawa humezwa kwa saa yake, husubiri maumivu yapande, kwa sababu yakishapanda kuyashusha ni kazi. Na akiumwa sana hatafanya mazoezi, goti litakakamaa, na hapo pesa zote za harambee zimeenda wapi? Hilo wageni hawasemi. Hofu ya kuzoea si upuzi, nakubali. Ile kali, tramadol, ni ya siku chache na inapunguzwa vile daktari ameandika. Lakini kuogopa paracetamol aliyoandikiwa? Jamani.

Kwa hivyo simu yangu inalia kila saa ya dawa. Mazoezi yanafuata baadaye kidogo, dawa ikishashika. Barafu naifunga kwa leso, dakika 20. Taulo inakaa chini ya kisigino, kamwe si mto chini ya goti, hata akiniita mkatili. Ile kali inafunga tumbo, so papai na maji kwa wingi. Na wajomba, tafadhali msimletee vidonge vya kichwa vya dukani. Vingi vina paracetamol ndani, mtamzidishia bila kujua.

(Choo cha shimo kilitushinda. Fundi alikata kiti cha plastiki katikati. Ingekuwa video moto, lakini Shosho amekataa, ana heshima zake.)

Kinachonitisha zaidi hata si goti. Ni shavu la mguu kuvimba na kuuma, au kushindwa kupumua. Hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda, na unatafuta gari saa hiyo hiyo. Sasa mtu aliyefunzwa kuvumilia miaka yote atakwambia saa ngapi?

Jana usiku nilimuuliza, Shosho, kutoka 0 hadi 10, linauma ngapi? Akasema mbili. Uso ulisema nane. Nikamletea maji na kidonge cha saa nne, nikakaa hapo kitandani mpaka akameza.