Maswali hayatoshi, damu ipimwe

"Nyumba yenu ilijengwa kabla ya 1978? Kuna rangi inayobambuka ukutani? Kuna mtu nyumbani anayefanya kazi ya betri?"

Hapana, hapana, hapana. Mama yule, mwenyeji wa Mombasa, alinijibu huku akimbembeleza mwanawe wa mwaka mmoja. Wanakaa kwenye jengo jipya, baba anaendesha teksi. Nikajaza fomu, kisha nikamwambia, "Sasa dada, tutamchoma kidogo kidoleni."

Akasita. "Damu ya nini tena? Si nimeshakujibu? Mtoto mwenyewe mzima, anacheza."

Ningekuwa na uamuzi, siku ile ningemwachia aende. Foleni ilikuwa ndefu na mtoto alikuwa ameshachomwa sindano za chanjo. Lakini hapa Marekani mtoto aliye kwenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, lazima apimwe madini ya risasi kwenye damu akiwa na miezi 12, na tena akifika miezi 24. Nikampima.

Majibu yalikuwa mikrogramu 16 kwa desilita. Tangu 2021, kiwango cha kuanza kufuatilia ni 3.5. Tukarudia kwa damu ya mshipani, ikawa vilevile. Na mtoto anacheza! Ndivyo risasi ilivyo: haileti homa wala upele, inaharibu ubongo kimyakimya, na dalili huja kuonekana darasani miaka kadhaa baadaye.

Chanzo kilikuwa wanja. Ulitoka nyumbani, wa kusagwa, kwenye kichupa kisicho na jina, na baadhi ya wanja wa aina hiyo una risasi nyingi. Mtoto alikuwa amepakwa siku ile ile niliyomhoji, nami niliuona. Nimekulia Tanga, macho ya mtoto yenye wanja kwangu ni kawaida kama kofia kichwani. Fomu haikuuliza, nami sikuuliza.

Hapo ndipo nilipoikumbuka kesi niliyoisoma chuoni na kuikariri kwa ajili ya mtihani tu. Mwaka 1989 Bunge la Marekani liliingiza kipimo cha risasi kwenye damu katika sheria ya Medicaid. Jimbo la California likashikilia kwamba mzazi akiulizwa maswali, inatosha. Wazazi wa kipato kidogo wakaenda mahakamani, wakisimamiwa na mawakili wa mashirika kama NAACP Legal Defense Fund, ACLU na Natural Resources Defense Council. Kesi hiyo ni Matthews dhidi ya Coye. Hoja yao ilikuwa nyepesi: swali si kipimo. Mwaka 1991 jimbo likakubali kumaliza kesi kwa kupima watoto wapatao 500,000, kazi iliyokadiriwa kugharimu dola milioni 15 hadi 20.

Msidhani mambo yakaisha hapo. Januari 2020 mkaguzi wa hesabu wa California aliripoti kwamba kati ya watoto milioni 2.9 wa mwaka mmoja na miwili waliokuwa kwenye bima hiyo kwa miaka tisa, karibu milioni 1.4 hawakupimwa kabisa. Kwa hiyo mwanao akitimiza mwaka na usisikie neno risasi, uliza wewe. Akipita umri huo bila kupimwa, bado ana haki ya kupimwa kabla hajatimiza miaka 6. Na ukiulizwa maswali, taja wanja, taja sufuria za kusubu kwa vyuma chakavu, taja viungo na dawa zilizokuja na msafiri, hata kama fomu haina nafasi yake.

Mama yule hakuniuliza kuhusu dawa. Aliuliza, kwa sauti ya chini, "Hawatamchukua mwanangu?" Nikamwambia hapana, anayekuja ni muuguzi wa kaunti kutafuta chanzo tu. Hakuniamini mpaka muuguzi alipokuja, akakaa, akanywa chai, akaondoka na kichupa.

Kwa kiwango kile hakuna dawa ya kunywa. Unaondoa chanzo, unampa mtoto vyakula vyenye chuma na kalisi, unarudia kupima. Miezi mitatu baadaye ilikuwa 9, na juzi, alipotimiza miezi 24, ilikuwa 5.

Bibi yake bado anatuma wanja kila akipata msafiri. Mama anaupokea, anashukuru kwa simu, anaufungia kabatini juu. Kumwambia mama yake mzazi, bado hajapata maneno.