Mota na Mkeka wa Mama Mdogo

Aprili 1979 barabara ya Busia ilituletea Nambale watu wengi kuliko siku ya soko. Kampala ilikuwa imetekwa na jeshi la Tanzania tarehe 11, na kila aliyekuwa na jamaa upande wetu alikuja kwao. Wakhayo, Wasamia na Wateso wamezaliana pande zote mbili za mpaka. Kwetu wageni walilala hadi jikoni.

Usiku wanaume waliizungumzia Saba Saba, roketi za Kirusi za jeshi la Tanzania. Jirani yetu, mzee aliyepigana Burma akiwa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, aliwasikiliza, kisha akatuambia watoto kwamba askari wa miguu huogopa zaidi mota. Aliegemeza kipande cha bomba la maji kwenye vijiti viwili, chini akaweka kifuniko cha sufuria. “Haya, mjukuu wangu, tia jiwe.” Likateleza, likagonga kifuniko. Bomu la kweli, alisema, likifika chini hugonga pini, baruti ikawaka, likaruka juu. “Hakuna zaidi. Ndiyo maana tuliibeba mabegani.”

Yao ilikuwa ya Kiingereza. Wilfred Stokes, mkuu wa kiwanda cha kreni, ndiye aliyeibuni mwaka 1915 kwa vita vya mahandaki. Mfaransa Edgar Brandt, mfua chuma aliyesifika kwa milango na mapambo, akaiboresha. Mwaka 1929, katika ugomvi wa reli ya Manchuria, Warusi waliteka mota za namna hiyo kutoka kwa Wachina. Zikawafunza. Mwaka 1937 Boris Shavyrin akatoa yake ya milimita 82, yenye sahani ya duara: kilo 56 hivi, ikifunguliwa mizigo mitatu, na bomu la kilo 3 likifika kilomita 3.

Kilomita hizo 3 hunisumbua hadi leo. Anayerusha hukaa nyuma ya kilima, na nyumba anayoivunja haioni.

Mama mdogo, aliyeolewa ng’ambo ya mpaka, aliijua nyumba hiyo. Ukuta haukumfaa kitu, alisema. Bomu lilishuka wima, likapitia batini. Kwetu alikataa kulala ndani, akatandika mkeka chini ya mwembe.

Desemba 1987 askari wa Kenya na wa Uganda walifyatuliana risasi Busia. Mama mdogo alikuwa kwetu tena, akautoa mkeka. Baba akamtuliza kwamba Busia ni mbali, mota haiwezi kufika Nambale.

“Kwani wanaoibeba hawana miguu, shemeji?”