Urembo wa gobori

Sisi watu wa Uvira bunduki zimetuchosha. Tangu 1996 hatutaki hata kusikia mlio wake. Njo maana gobori za babu zetu zinauzwa kama vyuma chakavu. Lakini zile zilipambwa!

Burton na Speke walipofika hapa mwaka 1858, waya nene za shaba, masango, zilikuwa tayari mali ya biashara njia nzima ya Ujiji. Waya ilizungushwa kwenye mti wa bunduki, misumari ya shaba ikapigwa kwa mistari.

Chuma nacho kina rangi yake bila kopo la rangi. Visi ikipashwa juu ya makaa, kwenye digri 230 hivi inakuwa manjano, karibu 300 buluu. Hapo inatolewa haraka, inapakwa mafuta. Ukichelewa, kijivu, unasugua upya.

Mnunuzi wa chakavu anabandua shaba kwanza, mti anautia motoni.