Neno la Herufi 45

Kitu cha kuazima hutembezwa zaidi kuliko kitu cha nyumbani. Ndivyo yalivyokuwa maneno ya Kiingereza kwetu tulipokuwa wanafunzi. Tulishindana kwa michezo ya maneno, na mbora alikuwa yule aliyejua neno refu kuliko wenzake. Mmoja alileta antidisestablishmentarianism, lenye herufi 28, yaani msimamo wa kupinga Kanisa la Uingereza kutengwa na serikali. Mwingine akamshinda kwa floccinaucinihilipilification, herufi 29, maana yake tendo la kukihesabu kitu kuwa hakina thamani. Mimi nikawashinda wote kwa pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis, lenye herufi 45.

Neno hilo halikuzaliwa hospitali, wala halikutoka kinywani mwa mgonjwa. Lilitungwa Marekani na Everett M. Smith, rais wa chama cha wapenda mafumbo, likatangazwa mwaka 1935 ili lipite mengine kwa urefu. Limeungwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini: mapafu, kupita kiasi, udogo usioonekana kwa macho, gumegume, volkano, na vumbi. Jumla yake ni maradhi ya mapafu yaletwayo na vumbi laini la mawe ya volkano.

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani na ushindi wangu. Baba mdogo alikuwa amerejea kutoka machimbo ya dhahabu ya Johannesburg. Nilimkuta barazani, amejifunika blanketi juani. Nikampa shikamoo, kisha nikalitamka neno langu lote pasipo kuvuta pumzi. Alicheka, lakini kikohozi kilikikata kicheko. Kilipompa nafasi akauliza, "Maana yake nini, mwanangu?"

Nikaanza kueleza kwa majivuno: mapafu, mawe, vumbi. Nilipofika kwenye vumbi sauti yangu ilififia.

Baba mdogo aliitikia kwa kichwa. "Kumbe wasomi wanaujua," akasema. "Sisi kule chini tuliuita vumbi tu."

Hakuiona mvua ya mwaka uliofuata.

Baadaye nilijifunza kucheza Scrabble. Ubao wake una vyumba 15 kwa upana na 15 kwa urefu, na mchezaji hushika herufi 7 tu kwa mara moja. Neno langu lingehitaji mbao tatu zilizopangwa mstari mmoja. Hata mchezoni halikupata mahali pa kukaa. Ushindi mara nyingi huletwa na maneno mafupi yaliyowekwa mahali pake.

Siilaumu michezo ya maneno, kwani hunoa akili. Nailaumu fahari yangu. Ajuaye idadi ya herufi za neno amelihesabu, hajalijua. Neno la herufi 45 nililitamka bila kuvuta pumzi. Neno la herufi 5 liliimaliza pumzi ya baba mdogo.