Bibi Harusi Njia ya Sumbawanga: Tulivyochagua Ufukwe wa Kulala

Tangu turudi kutoka Sumbawanga kumpeleka mdogo wetu kwa mumewe, dukani hatushoni kwa utulivu. Kila anayeingia kupimwa gauni anauliza mlipita wapi, mlilala wapi, na ni kweli mlikoga ziwani na bibi harusi? Ni kweli, tulikoga. Na kwa kuwa msimu huu peke yake tunawashonea mabibi harusi watatu wanaoolewa bara, tunaandika hapa kabla sauti hazijatukauka.

Kwa wasiotujua, sisi ni dada wawili wenye duka la mashono hapa Unguja. Nikaha ilifungwa nyumbani. Bwana harusi ni mzaliwa wa Kirando, kwenye Ziwa Tanganyika, na biashara yake ya mahindi iko Sumbawanga mjini, kwa hiyo alitangulia kurudi. Baba yetu hayupo, Allah amrehemu, na kaka ndiye aliyeozesha na ndiye aliyeongoza msafara. Tulikuwa yeye na mkewe na watoto wao wawili, Mama, somo wa bibi harusi, bibi harusi mwenyewe na sisi. Tisa, na dereva wa kumi. Nyuma ya Hiace yalijaa masanduku, mikeka, kikapu cha somo kilichonukia hadi Chalinze, na cherehani tuliyomzawadia mdogo wetu.

Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,100. Dereva alitaka tulale Iringa, tulale Mbeya, tufike. Kwa ramani alikuwa na haki. Lakini Mama alikuwa na masharti mawili. La kwanza, mtoto wake hafikishwi ukweni na vumbi la njiani wala usiku. La pili, alale karibu na maji kabla ya kuingia kwa mumewe, na alale tena karibu na maji kabla sisi hatujamwacha. "Huyu hajawahi kukaa siku saba bila kuona bahari," alisema. "Nataka nijue akiikumbuka ataenda wapi."

Basi kazi ya kutafuta ufukwe ikaanza, na barabara ile haina bahari. Ukishaiacha Dar unakutana na Morogoro, mbuga ya Mikumi (watoto waliona twiga bila kulipa kiingilio, maana barabara kuu inakatiza mbugani), kisha milima hadi Iringa. Maji makubwa yanaanza Mbeya, na si pale mjini. Unaacha njia kuu Uyole, unapanda kwenda Tukuyu katikati ya migomba na chai, halafu unashuka Kyela, kwenye pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Ufukwe tuliouchagua ni Matema.

Dereva alinung'unika, na tunamwelewa, maana ni kwenda mbali na kurudi kwa njia ile ile. Alituuliza kwa nini tusiendelee tu tukalale Ziwa Tanganyika, ambalo liko huko huko Rukwa. Somo ndiye aliyemjibu. Ili ufike Ziwa Tanganyika kwa njia yetu unapita Sumbawanga mjini. Sasa bibi harusi apite mbele ya nyumba ya mumewe akiwa amejifunika khanga ndani ya gari kama mzigo wa magendo, aende kukandwa, halafu arudi aseme ndiyo nafika? Dereva alicheka, akakata kona Uyole.

Matema milima ya Livingstone inaingia karibu kabisa na maji, na mchanga ni mrefu. Tulipanga katika nyumba za wageni zinazoendeshwa na kanisa la Kilutheri. Tumeulizwa sana kuhusu hilo. Tuliuliza mambo matatu kabla ya kutoa pesa: pombe inauzwa hapo au haiuzwi, tunaruhusiwa kujipikia au hapana, na choo kiko ndani au nje. Majibu yaliturudhisha. Mlinzi mwenyewe alitutolea meza nje ili tupate nafasi ya mikeka ya kusalia. Kibla cha huku kinaelemea mashariki kidogo kuliko cha Unguja, ambako tunaelekea kaskazini moja kwa moja. Chakula hakikutusumbua, kwani samaki hana shaka ya kuchinjwa, na wali wa Kyela kila mtu anaujua kwa harufu yake.

Sasa sitara, maana hapa ndipo wengi mnaposhindwa. Hoteli ya ufukweni inaweza kuwa nzuri kama pepo, lakini kama mwanamke hana pa kukogea ila mbele ya macho ya watu, atakaa juu ya kiti na buibui lake akiwaangalia wanaume wakiogelea. Tulikuwa tumeshona pazia. Yadi kumi na mbili za kitambaa kizito cha kaki, rangi ya udongo. Msitumie cheupe wala cha rangi ya maji, hata kiwe kizito, kwa sababu jua likiwa nyuma yako kivuli cha mwili kinaonekana chote. Juu tulikunja upindo mpana wa kupitisha kamba, na chini tukashonea vimfuko vya kujaza mchanga ili upepo usikiinue. Miti minne mtaipata popote. Na kwa kuogelea tuliacha madira nyumbani. Dira likirowa linakuwa zito, linanata mwilini na linamvuta mtu chini. Tulishona suruali pana na shati la magotini kwa kitambaa kile cha jezi za mpira, mikono mirefu yenye lastiki. Wake wa wavuvi walikuja kukishika kitambaa na kuuliza bei, kwa hiyo hata biashara tuliifanya.

Maji yenyewe lazima yaulizwe, na wa kuwauliza ni kina mama wanaofua na kuchota. Hatukumuuliza mtu wa hoteli. Penye mdomo wa mto kuna mamba, hilo wanalisema katika maziwa yote haya. Penye matete na maji yaliyotulia karibu na makazi kuna konokono wa kichocho. Tulikwenda penye mchanga mtupu na maji yanayotembea. Tulikuwa mwezi wa Julai, wakati wa upepo wa kusini ambao sisi tunauita kusi na watu wa Nyasa wanauita mwera, na mchana mawimbi yalikuwa ya kweli. Kwa hiyo tulikoga asubuhi, baada ya alfajiri hadi jua linapopata nguvu, na tulilala ndani ya chandarua bila mjadala.

Siku mbili pale zilikuwa za bibi harusi. Somo alimsinga nyuma ya pazia letu, akamtia hina miguuni alasiri, na alipomaliza akatufukuza sote wakabaki wawili. Yaliyosemwa ni yao. Mdogo wetu alipotoka alikuwa amelia na amecheka, na alikwenda kukaa kando ya Mama bila kusema neno hadi adhana ya simu ya kaka ilipolia.

Tulirudi Mbeya tukalala, na kesho yake tukashika njia ya Tunduma. Foleni ya malori ya mpakani pale isimfanye mtu apange kufika Sumbawanga saa ya magharibi. Panga kufika adhuhuri, utafika alasiri. Baada ya Tunduma barabara inapanda Ufipa na miti inapungua. Nyasi, mashamba ya mahindi na ulezi, upepo, na anga kubwa. Sumbawanga iko juu ya mita 1,700 na Julai ni baridi ya meno kugongana. Mabibi harusi, tusikilizeni: gauni la kuingilia la shifoni ni zuri Unguja. Huku tulilitia bitana ya satini na koti refu la sufi juu yake, na bado vidole vilikuwa baridi wakati mama mkwe alipovishika.

Mtu asitutishie tena na jina la mji. Kabla hatujaondoka majirani wawili walimwambia Mama kwamba anampeleka mtoto kwa wachawi. Wenyeji wanalieleza jina lenyewe kuwa ni amri kwa anayeingia: tupa uchawi wako. Na sisi watu wa visiwani, ambao Tanzania nzima inatutania kuhusu Pemba, tuna uso gani wa kuwasema wenzetu?

Lakini lililotukosesha usingizi lilikuwa jingine. Siku ya pili, baada ya walima, mdogo wetu alisimama mlangoni akaangalia huku, akaangalia kule. Milima ya Mbizi upande mmoja, mashamba upande wa pili. Akauliza, "Hapa watu wakitaka kupumzisha macho wanaangalia nini?" Mama hakumjibu. Usiku ule tulikaa na wakwe kuchagua ufukwe wa mwisho, na hapo tukaona kwamba tunauchagua kwa ajili yake. Sisi tungelala usiku mmoja tu. Yeye ndiye angeurudia.

Fukwe zilikuwa tatu. Ziwa Rukwa liko bondeni upande wa mashariki, lakini ni la kina kifupi, maji yake yana magadi na mamba ni wengi. Hilo lilipita haraka. Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, ina bandari na barabara yake ya kupitia Matai ndiyo nzuri. Ukiwa na gari lako na haraka zako, nenda Kasanga, na ukiwa na nguvu uyaone maporomoko ya Kalambo mpakani na Zambia, yanayoanguka zaidi ya mita 200. Wanaume wote walipiga kura ya Kasanga. Mama akauliza swali moja: "Kasanga kuna nani wa kumfungulia mlango mtoto wangu?" Hapakuwa na mtu.

Kipili njia yake ni ndefu zaidi. Unakwenda kaskazini hadi Namanyere, halafu unaingia vumbi jekundu na mteremko, kwani ziwa liko kama mita 770 na wewe umetoka juu ya uwanda. Masikio yaliziba, watoto walitapika, baridi ikabaki juu. Lakini Kirando kwa mama mkwe ni jirani tu na Kipili. Watu wa pwani na Waarabu walioingia bara na misafara ya karne ya 19, ile ya pembe na watumwa, waliweka makazi Kirando, na Uislamu uko pale hadi leo. Adhana inasikika. Wanawake wanafunga khanga kama sisi. Na mbele ya Kipili kuna visiwa vinavyokata mawimbi, kwa hiyo maji yametulia wakati kwingine yanapiga.

Mama mkwe alikuja kulala nasi. Alionja migebuka tuliyoipika kwa nazi tuliyobeba kutoka Unguja akasema imezidi nazi, nasi tukasema ya kwao imepungua. Jioni jua lilizama upande wa Kongo. Huku magharibi inachelewa kama nusu saa kuliko kwetu kwa saa ile ile ya Tanzania, kwa hiyo watoto walipata muda wa ziada majini. Bibi harusi aliteka maji kwa kiganja akayaonja. "Bahari imesahau chumvi," akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Sumbawanga.

Baada ya isha Mama alimshika mkwe wake mkono. "Mkwe wangu, huyu kazaliwa na maji miguuni. Ukimwona kanyamaza usimuulize sana. Mlete hapa."

Mama mkwe akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba yeye mwenyewe ni mtoto wa Ujiji. Aliletwa Kipili bibi harusi ndani ya Liemba, ile meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa mwaka 1916 na kurudishwa kazini mwaka 1927. Alishuka usiku kwenye mtumbwi, sanduku lake likarowa, na hakumjua mtu pwani nzima. "Mimi hakuna aliyeniuliza nitaangalia nini. Huyu nauli yake kutoka Sumbawanga sitamngoja mwanangu aitoe."

Mama alilala usiku ule. Sisi tulimsikia akikoroma, jambo ambalo hakulifanya tangu Dar.

Asubuhi tuliagana pale pale mchangani, kwa sababu bwana harusi alikuja kumchukua mkewe na sisi tulikuwa na njia ndefu. Pazia tulimwachia. Jana alituma picha: pazia limesimamishwa Kirando, mama mkwe nyuma yake na wanawake wengine sita tusiowajua, miguu tu inaonekana chini ya upindo. Anasema yadi kumi na mbili hazitoshi, na anataka kujua kaki ile tuliinunua wapi, maana Sumbawanga ameikuta nyepesi. Kesho tunampelekea yadi nane kwa basi.