Kiswahili Ndani ya Kompyuta

Hapa Jeddah, watoto wetu hucheza kwa Kiarabu; Kiswahili kimebaki vinywani mwa wazee. Kwa hiyo, mjukuu wangu alipotamani kuandika programu, niliiwekea kompyuta yetu kuukuu Thonny, iliyotoka Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia. Hailipiwi hata halala moja, na Python, lugha aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991, imo ndani yake tayari. Maneno maalumu ya Python, yote ya Kiingereza, hayafiki 40. Majina ya vigeu vyake hujichagulia mwandikaji. Nikaweka sharti: yawe ya Kiswahili. Sasa anatunga hesabu ya zaka: fedha, nisabu, kisha kugawanya kwa 40. Jana aliniuliza, kwa Kiswahili, tofauti ya deni na dai.